Mtoto mdogo Unguja: panga likizo kwa upepo, maji na usingizi wake

Ukimuuliza mzazi aliyetoka Unguja na mtoto wa miaka miwili au mitatu safari ilikuwaje, malalamiko yake mara nyingi hayahusu chumba wala chakula. Yanahusu bahari. Walifika ufukweni saa nne asubuhi, mtoto keshavaa nguo za kuogelea na ndoo yake mkononi, wakakuta maji yametoka na mbele yao ni mchanga na mwani mpaka kwenye mwamba. Maji yaliporudi, mtoto alikuwa amelala. Kesho yake hadithi ikawa ile ile, na keshokutwa wakahama hoteli.

Hilo linaepukika kwa kupanga mambo kwa mfuatano unaofaa. Wengi huanza na hoteli, wakafuatia na tiketi, na bahari wakaiacha ijipange yenyewe. Mimi nashauri uanze na upepo na mwezi, kisha uchague pwani, na chumba kije baadaye. Nitakayoyasema yanamhusu hasa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano, mkitokea Dar es Salaam au kwingineko Afrika Mashariki. Mwenye mtoto mchanga zaidi ya hapo aulize kliniki yake kwanza kuhusu chanjo na joto.

Hatua ya kwanza: chagua msimu

Mwaka wa Unguja unaendeshwa na pepo mbili. Kusi huvuma kutoka kusini, na nguvu yake huonekana zaidi Juni hadi Septemba. Siku hizo hewa ni ya ubaridi kiasi, mtoto halali akitokwa jasho, na mvua ni chache. Ubaya wake ni kwamba bahari ya upande wa mashariki na kusini huchafuka, na mkondo kati ya Dar na Unguja huwa na mawimbi. Kaskazi huja kuanzia Desemba hadi Februari au Machi. Ni kipindi cha joto kali, na mtoto mwenye ngozi nyepesi kushika vipele vya joto atapata taabu ikiwa chumba hakina feni nzuri au kiyoyozi. Pwani za kaskazini mashariki kama Matemwe, Pwani Mchangani na Kiwengwa hupokea mwani mwingi unaosukumwa na upepo huo.

Kati ya pepo hizo mbili kuna tanga mbili, siku ambazo upepo haujaamua uende wapi. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba, kabla vuli haijashika, bahari mara nyingi hutulia, na bei hushuka baada ya umati wa Julai na Agosti. Kama mtoto hajaanza shule, hicho ndicho kipindi ninachokipendekeza kuliko vyote. Mwenye mtoto wa shule hana uhuru huo. Ataangukia likizo ya Juni au Desemba, basi achukue Juni kama anaweza, kwa sababu wiki ya mwisho ya Desemba ina bei za juu na watu wengi.

Masika, yaani Machi mwishoni hadi Mei, vyumba ni rahisi. Baadhi ya hoteli hufungwa kabisa, njia za ndani hujaa maji, mbu huongezeka, na mtoto aliyefungiwa chumbani siku nzima na mvua hamtaelewana naye. Akiba utakayopata haifidii hilo.

Angalia pia Ramadhani, ambayo kila mwaka hufika mapema kwa siku kumi na moja hivi kuliko mwaka uliotangulia. Mtoto mdogo hafungi na hakuna atakayemkasirikia kwa kula, ila mijini na vijijini migahawa mingi hufungwa mchana. Panga kula hotelini, na umlishe mtoto mahali pa faragha.

Hatua ya pili: angalia mwezi kabla ya kulipia chumba

Hapa ndipo safari hujengeka au huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maji ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia mita tatu hadi karibu nne. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni siku za maji mafu, na tofauti hupungua hadi kama mita moja.

Wavuvi wa Unguja hawahitaji jedwali kwa haya. Wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu, nawe unaweza kufanya hivyo kwa kalenda yoyote ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Karibu na mwezi nane na mwezi ishirini na mbili mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne asubuhi, na yanapotoka jioni hayaendi mbali.

Sasa mfikirie mtoto wako. Kama ni wa kuamka mapema, kuchangamka asubuhi na kulala mchana, siku za maji mafu zinamfaa: saa tatu asubuhi maji yapo karibu, na hata yakitoka bado kuna pa kuchezea. Kama ni wa jioni, bamvua nayo ina raha yake. Asubuhi maji yakitoka, mnatembea kwenye vidimbwi mkitazama kaa, konokono na samaki wadogo. Saa kumi jioni bahari imejaa, jua limepungua ukali, mnaoga. Kibaya ni kufika bila kujua uko katika siku zipi. Jedwali la maji la Zanzibar linapatikana kwenye intaneti bure. Tafuta siku zako, ziandike kwenye karatasi, ubandike chumbani mkifika.

Hatua ya tatu: chagua pwani moja

Mtoto mdogo hutumia siku nzima kuzoea kitanda kipya. Ukimhamisha kila baada ya usiku mbili, hatazoea chochote na wewe hutalala. Chukua pwani moja kwa safari yote, na kama una hamu ya Mji Mkongwe, ongeza usiku mmoja mwishoni, kwa kuwa boti za kurudi huondokea mjini.

Kendwa, na upande wa magharibi wa Nungwi, ndiko ninakompeleka mzazi anayekwenda kwa mara ya kwanza. Maji hayatoki mbali kama mashariki, kwa hiyo mnaweza kuoga karibu saa yoyote, na wakati wa kusi pamejificha kiasi. Ni kilomita karibu sitini kutoka mjini, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Sehemu za Nungwi na Kendwa zina muziki wa usiku. Uliza chumba kipo umbali gani kutoka kwenye baa za ufukweni.

Jambiani ni kwa familia inayotaka utulivu. Kijiji kimejipanga kando ya bahari, watoto wa hapo huja kucheza na wako bila kuitwa, na kwenye maji ya kupwa utawaona akina mama wakishughulikia mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kwa biashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Mfundishe mtoto mapema kwamba zile kamba na vijiti ni shamba la mtu, hazikanyagwi wala hazichezewi. Jambiani inataka ufuate jedwali la maji, maana yakitoka huenda mbali sana.

Paje iko jirani na ni nzuri kwa macho, ila ndiyo pwani ya wanaoteleza majini kwa tiara. Upepo ukishika, kamba zao hupita juu ya maji ya kina kifupi, hapo hapo mtoto anapochezea. Sitampeleka mtoto wa miaka mitatu Paje katikati ya msimu wa upepo, hata kwa chumba cha bei nzuri.

Kiwengwa na Pwani Mchangani zina hoteli kubwa zenye mabwawa na vyumba vya familia. Huko bahari inakuwa nyongeza, na mtoto anashinda bwawani. Ni njia halali kabisa ya kupumzika, hasa mzazi akiwa mmoja tu.

Hatua ya nne: piga simu hotelini

Usitosheke na picha. Piga simu, au omba wakutumie video fupi ya chumba na ya bwawa kwa WhatsApp. Hoteli nyingi za Unguja ni watu waungwana na watakujibu. Jambo la kwanza la kuuliza ni bei ya wakaazi, kwa maana hoteli nyingi zina bei ya raia na wakaazi wa Afrika Mashariki iliyo chini ya ile inayoonekana mtandaoni. Haitajwi usipoiuliza.

Kisha uliza yanayomhusu mtoto. Je, chumba ni cha chini, au kuna ngazi na roshani yenye nafasi anayoweza kupenya? Bwawa lina uzio na lango linalofungwa? Mahali pengi halina, na mlango wa chumba unaofunguka moja kwa moja kwenye bwawa lisilo na uzio ni sababu ya kutosha ya kuacha chumba hicho, hata kiwe kizuri namna gani. Neti ya kitanda ni nzima na inamtosha mtoto akilala katikati yenu? Kuna friji ya kuhifadhia maziwa na dawa? Jikoni wanaweza kumpikia saa kumi na mbili jioni badala ya kungoja saa moja na nusu? Umeme ukikatika, kuna jenereta usiku?

Ukiridhika, agiza na gari kupitia kwao, mkubaliane bei ya gari zima kabla hamjaondoka nyumbani. Bandarini utapokelewa na watu wengi wa teksi kwa pamoja, na kujadiliana bei huku umembeba mtoto aliyechoka si hali ya kujitakia. Kiti cha mtoto cha gari ni nadra kwenye magari ya kukodi. Kama unacho chepesi, kibebe.

Hatua ya tano: karatasi

Mtanzania hubeba kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, japo nakala. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda au Kongo abebe hati ya kusafiria ya kila mmoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo hutakiwa kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo kuanzia umri wa mwaka mmoja. Chanjo hutolewa kuanzia miezi tisa, na kadi huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiiache hadi wiki ya mwisho. Mzazi anayevuka mpaka peke yake abebe barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni kutoka nje ya nchi wanaoingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Hulipiwa mtandaoni kabla ya kusafiri. Hili linawahusu pia ndugu zetu wa Oman, Ulaya na Marekani wanaokuja na hati za huko kusalimia wazazi.

Hatua ya sita: kuvuka

Ndege kutoka Dar hadi uwanja wa Abeid Amani Karume huchukua dakika ishirini hivi hewani. Kama uwezo upo na mtoto ni wa kutapika, ni pesa iliyotumika vizuri. Mnyonyeshe au mpe kitu cha kunyonya ndege inapopanda na inaposhuka, masikio yasimuume.

Wengi wetu tutapanda boti. Boti za kasi za Azam Marine na Zan Fast Ferries huchukua karibu saa mbili. Nunua tiketi kwenye ofisi yao au mtandaoni, na mtu anayekufuata nje ya bandari akikwambia anayo tiketi, mshukuru uendelee na safari yako. Fika saa moja kabla, kwa sababu foleni ya ukaguzi na jua la hapo humchosha mtoto kabla hata safari haijaanza.

Chagua boti ya asubuhi, bahari huwa tulivu zaidi. Keti sitaha ya chini, katikati au nyuma kidogo, ambako chombo huyumba kwa uchache. Mlishe mtoto chakula chepesi saa moja kabla, ndizi au kipande cha mkate, na usimpe maziwa mengi wala juisi. Dawa nyingi za kichefuchefu cha safari hazifai kwa walio chini ya miaka miwili. Usimpe yoyote bila kumuuliza mfamasia na kumtajia umri na uzito wake. Weka mifuko miwili mitatu ya kutapikia karibu, kitambaa chenye maji, na nguo za kubadili za mtoto na za yule atakayempakata. Zile za mzazi ndizo husahauliwa.

Msimu wa kusi, kwenda Unguja mnaenda na upepo na kurudi Dar mnaupinga. Safari ya kurudi ndiyo huwa na mshtuko, na wazazi hushangaa kwa kuwa walivuka vizuri walipokwenda. Kwa hiyo ratiba ya kurudi nayo iwe ya asubuhi.

Mkishakaa tu, angalia majaketi ya kuokolea yako wapi na uulize la saizi ya mtoto. Hatujasahau MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 wala MV Skagit ya Julai 2012, na familia zilizopotea humo. Chombo kilichojaa kupita kiasi hakipandwi. Afadhali kupoteza tiketi.

Hatua ya saba: mkoba

Kanga mbili ndizo kitu cha kwanza. Moja ya kumbebea mgongoni, nyingine ni kivuli, taulo, shuka ya boti na stara ya kunyonyesha. Kigari cha mtoto kitakusumbua mchangani na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Kiache nyumbani.

Kwa jua, chukua fulana ya kuogelea ya mikono mirefu na kofia pana yenye kamba kidevuni. Losheni ya kukinga jua hupakwa nusu saa kabla ya kutoka, na tena baada ya saa mbili au kila anapotoka majini. Mtoto wa chini ya miezi sita hukaa kivulini badala ya kupakwa losheni. Ngozi nyeusi nayo huungua, na unaweza usione wekundu hadi usiku anapolia kuguswa.

Viatu vya mpira vinavyofunika vidole ni vya lazima. Kwenye miamba kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, na mwiba mmoja mguuni humaliza likizo. Mwiba ukimchoma mtoto, loweka mguu kwenye maji ya moto ambayo wewe mwenyewe unaweza kuyavumilia, kwa nusu saa au zaidi, toa miiba inayoonekana kwa kibanio, na iliyozama ndani mwachie mhudumu wa afya. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Kwa ngozi ya mtoto mdogo mimi ningebaki na maji ya moto.

Dawa: kipimajoto, paracetamol ya maji pamoja na kipimo chake, pakiti kadhaa za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki, dawa ya kusafishia kidonda, plasta, na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Pampasi za saizi ya kawaida hupatikana mjini, lakini vijijini duka linaweza kuwa na saizi moja tu, kwa hiyo beba za kutosha siku zote. Mifuko ya plastiki usiibebe, imepigwa marufuku Zanzibar na Tanzania Bara. Nguo mbichi zitie kwenye mfuko wa kitambaa.

Hatua ya nane: siku yenyewe

Jua la Unguja huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu au zaidi kidogo, na mtoto ataamka nalo. Itumie asubuhi hiyo. Toka naye mapema, cheza hadi saa nne, kisha rudini. Kati ya saa nne na saa kumi jua huchoma zaidi, na huo uwe wakati wa kusuuza maji ya chumvi mwilini, kula, kulala, kusoma kitabu kivulini. Saa kumi mnatoka tena. Siku ambayo maji yanajaa saa sita mchana, dumbukizeni miguu nusu saa mkiwa mmevaa fulana na kofia, kisha mwondoke. Usivunje usingizi wake kwa ajili ya kuiwahi bahari. Mtoto aliyelala vizuri mchana ndiye atakayekuruhusu kula chakula cha jioni kwa amani.

Kuhusu maji kuna kanuni moja nisiyoibadilisha kwa yeyote: mtu mmoja mzima, anayetajwa kwa jina, anamtazama mtoto, na mkono wake unamfikia. Mkiwa wengi ufukweni, kila mmoja hudhani mwenzake anamwangalia. Mwambie mtu waziwazi, "Shangazi, huyu ni wako mpaka nirudi," naye aweke simu chini. Mtoto anayezama hapigi kelele wala kupunga mikono, na huchukua muda mfupi kuliko wa kujibu ujumbe. Boya la kupuliza la mkononi au la kiunoni ni la kuchezea tu. Linapinduka, na upepo wa nchi kavu hulisukuma kwenda kina kirefu. Kama unataka msaada, mnunulie jaketi lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, na hata hivyo kaa karibu.

Mkitembea kwenye maji ya kupwa, jua saa ya kurudi. Maji yanaporejea hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, kati ya mlipo na ufukwe, na mtoto wa miaka minne anajikuta kifuani mwake pana maji mahali mlipopita pakavu. Geukeni mapema, kabla maji hayajaanza kurudi.

Chakula hakina ugumu. Asubuhi kuna uji, chapati, mkate wa kumimina, mayai na matunda. Mchana wali na samaki, ila chagua nguru au jodari, kwa kuwa miiba yao ni mikubwa na rahisi kuiona. Changu ni mtamu lakini miiba yake ni mingi na midogo. Mpe maji ya chupa au yaliyochemshwa, na madafu mengi kadiri apendavyo. Akianza kuharisha, mpe ORS tangu choo cha kwanza chepesi. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi husaidia kwa muda. Akigoma kunywa, akilegea, au akipitisha saa sita bila mkojo, mpeleke hospitali. Kaskazini kuna Kivunge, kusini kuna Makunduchi, na mjini Mnazi Mmoja. Uliza hotelini siku ya kwanza ni ipi iliyo karibu na gari hupatikana vipi usiku.

Hatua ya tisa: matembezi machache

Safari moja kwa siku mbili inatosha. Msitu wa Jozani unafaa kuliko vyote: kilomita 35 hivi kutoka mjini, matembezi mafupi, na kima punju wenye migongo mekundu ambao huonekana karibu bila kutafutwa sana. Nendeni asubuhi, msiwaguse wala kuwalisha. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi pia humfurahisha mtoto wa miaka mitatu kwenda juu, kwa kuwa anaruhusiwa kunusa, kuvunja na kuonja. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, wenye asili ya Aldabra huko Shelisheli, ni safari ya boti ya kama nusu saa kutoka mjini. Nendeni siku ya bahari tulivu, na vidole vya mtoto vikae mbali na midomo yao.

Pomboo wa Kizimkazi na kuzamia kando ya kisiwa cha Mnemba viachieni miaka mingine. Vyote vinafanyika bahari ya wazi, juu ya chombo kinachorushwa na mawimbi, na mtoto mdogo hana anachopata huko. Jioni moja kwenye bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, baada ya magharibi, mtoto akila mishikaki na miwa huku watoto wa mjini wakijirusha majini kutoka ukutani, inamtosha kabisa. Chagua chakula kinachotoka motoni mbele ya macho yako.

Mjini na vijijini mvae nguo za kustiri mabega na magoti. Mavazi ya kuogelea ni ya ufukweni. Mtoto wako atabebwa, atapewa kipande cha andazi na ataitwa majina ya upendo na watu msiowajua. Mfundishe kuamkia, na wewe uamkie kwanza.

Mkirudi

Malaria Unguja imepungua sana kwa miaka mingi ya kazi, lakini haijaisha, na mtoto anayekwenda na kurudi bara yupo hatarini pande zote mbili. Neti itumike kila usiku, pamoja na ule wa mwisho mjini mnapodhani safari imekwisha. Akipata homa wakati wowote katika mwezi wa kwanza baada ya kurudi, usidhani ni uchovu wa safari wala meno. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na umwambie daktari mlilala wapi na mlirudi tarehe gani.